Kovu la Mkono wa Kushoto

Kuna wakati nilikuwa nikipita kwenye kaburi langu mara nne kwa siku, kwenda kisimani na kurudi, asubuhi na jioni, na hakuna mtu mzima hata mmoja mtaani kwetu Majengo aliyeona kuna la ajabu. Lilikuwa kaburi dogo nyuma ya nyumba ya mwisho, kabla hujaingia kwenye miti ya miombo, limewekewa chungu kilichotobolewa kitako. Nyasi zilikuwa zimelimeza. Hakuna aliyezifyeka, kwa sababu kwa desturi ya watu wetu wa kando ya ziwa, kaburi la mtu aliyerudi halifyekwi. Mwenyewe yuko nyumbani anakula. Sasa unamfyekea nani?

Nieleze mapema, maana sipendi kukatizwa kwa maswali. Ninayemwita mama hakunizaa. Aliyenizaa ni mdogo wake, aliyekuwa ameolewa Kapalamsenga, kijiji cha kando ya ziwa, akafa kwa uzazi nikiwa na miaka kama saba. Mwezi uleule, huku Mpanda, mtoto pekee wa dada yake, yaani wa mama huyu, msichana wa rika langu, alikufa kwa surua. Bibi yangu, aliyewazaa hao dada wawili, alijikuta ana binti aliyepoteza mtoto na mjukuu aliyepoteza mama. Alinishika mkono, akaniombea nafasi kwenye lori la dagaa, tukaja Mpanda tunanuka samaki.

Siku ya tatu nilikalishwa mkekani uani, jua limeshapanda, majirani wamekaa kimya kunizunguka. Bibi alinipaka unga wa mtama kwenye paji la uso, akasukutua maji akanipulizia kifuani, akanifunga kiunoni ushanga mweupe wa yule marehemu. Ushanga ulinibana, alikuwa mwembamba kuliko mimi. Kisha watu wakanisalimu mmoja mmoja kwa jina lake.

“Umerudi?”

“Nimerudi.”

Nilikuwa nimefundishwa kujibu hivyo. Mama alikaa mbali amejifunika kaniki hadi kichwani. Nilipomaliza kuwajibu wote alifunua uso, akanitazama muda mrefu, akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo. Akainuka kwenda kuwasha moto, na nikasikia mwanamke mmoja akishukuru, kwamba jiko lile lilikuwa halijawashwa tangu msiba.

Baada ya hapo jina langu la kwanza halikutamkwa tena. Ilikuwa mwiko, kwani ukilitamka ni sawa na kumfukuza aliyerudi. Mimi mwenyewe nililisahau. Nimelitafuta miaka yote hii na silipati, na waliolijua wameshakufa wote.

Baba, yaani mume wa mama huyu, hakuwepo siku ya mkeka. Alikuwa amefanya kazi mgodini hapo Mpanda, halafu akasikia kwamba ng'ambo ya ziwa, Kongo ya Wabelgiji, wanatafuta mafundi wa karakana ya bandari kule Albertville, mji unaoitwa Kalemie siku hizi. Alivuka mtoto wake akiwa na miaka mitano. Kwamba mtoto amekufa, hakujua. Msinitolee macho. Kwetu habari ya kifo haikuvushwa ziwa kwa barua. Iliaminika kuwa karatasi ya msiba humkuta mtu peke yake, hana wa kumshika, naye huweza kuondoka na aliyeondoka. Ilitakiwa ipelekwe kwa mdomo, na mtu wa damu. Na baada ya mimi kukalishwa mkekani, mama aliona hakuna tena habari ya kupeleka.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha, katikati ya kiangazi, ikaja barua ya baba, akatusomea muuza duka jirani. Baba alikuwa amepewa nyumba ya matofali, zile za wafanyakazi wenye wake. Alipewa muda hadi mvua zianze. Mke na mtoto wakifika kabla ya hapo, nyumba ni yake. Wasipofika inapewa mwingine, yeye anarudi kulala bwenini na makapera, na ruhusa ya kuleta familia haiombwi mara ya pili. Upande wake ameshaomba na karatasi zimetumwa. Kilichobaki ni sisi kuomba upande wetu, bomani.

Mama alimwomba yule muuza duka aisome tena. Aliisikiliza amefumba macho. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akitaka kitu, na nilimwona akiitaka nyumba ile. Na mimi niliitaka. Nilishapoteza mama mmoja na sikuwa tayari kusimama kando ya barabara nikimtazama wa pili akipanda lori.

Karani wa boma alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na nilimchukia tangu alipotuacha tumesimama huku benchi liko tupu. Mama alikuwa amenivalisha gauni la kuazima, la mikono mirefu, ili nionekane mtoto wa watu. Karani alifungua bahasha iliyotoka ng'ambo, akasoma kwa sauti ya mtu anayependa kujisikia.

“Mke mmoja. Mtoto mmoja wa kike, umri miaka tisa. Alama: kovu la moto, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.” Akanyanyua macho. “Ndiye huyu?”

“Ndiye,” alisema mama.

Nataka ieleweke kwamba mama hakudanganya. Angeapa mbele ya mtu yeyote na moyo wake usingeshtuka. Mimi ndiye niliyekuwa yule.

“Lete mkono, binti.”

Mama akashika mkono wa gauni langu. Badala ya kuukunja, aliuvuta chini hadi ukafunika vidole. “Leo ana homa, bwana karani. Asipigwe na upepo.”

Karani alitazama dirishani. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti. “Upepo gani, mama?”

“Ni mwanangu, bwana karani.”

“Mimi sijauliza kama ni mwanao. Nimeuliza kovu liko wapi.”

Karani aliipangusa kalamu yake, akaifunika. “Haya. Kupapasa watoto si kazi yangu. Mwezi wa tisa anakuja dresa wa hospitali, kupima watu shingo kwa ugonjwa wa malale. Bila cheti chake hamvuki, na kwenye cheti anaandika na alama za mwili. Nikiona alichoandika kinafanana na hiki, nagonga muhuri. Kisipofanana, narudisha yote ng'ambo.”

Kurudisha ng'ambo ilikuwa miezi. Hilo hata mimi nililielewa.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye kaburi mama alisimama. Kwa miaka miwili alikuwa akipita pale kama anapita kichuguu, na siku hiyo alisimama akatazama nyasi, kisha akanitazama mimi, kisha nyasi tena, kama mtu anayelinganisha vitenge viwili dukani. Niliogopa. Nilitaka aniite, aniite tu kwa jina lolote, lakini alishika njia ya nyumbani.

Bibi alipoelezwa aliruka.

“Kushoto? Nani kasema kushoto? Lilikuwa kulia! Nililiuguza mwenyewe kwa asali.”

“Najua lilikuwa kulia, mama. Karatasi inasema kushoto.”

“Basi karatasi ni mwongo.”

“Hata ingesema kulia, kulia kwenyewe hakuna kitu,” alisema mama, na hapo wote wawili wakaigeukia mikono yangu.

Bibi alikuwa na tabia ya kunisimulia mambo niliyoyafanya kabla sijafika. Ulikuwa mkorofi, ananiambia, ulimwaga pombe ya babu yako, ulikataa kunyoa. Akisimulia hunipapasa mkono wa kulia, pale chini ya kiwiko, na mimi nilidhani ni mazoea tu ya uzee. Kumbe alikuwa akitafuta. Mchana ule, tukiwa tunamenya karanga, alinipa habari ya kovu kwa mara ya kwanza: nilikuwa na miaka minne, mama anakaanga mihogo kwa mawese, nikaingiza mkono wa kulia kwenye chungu kuchukua kipande.

“Na kuku mweupe akapita kwenye moto,” nikasema, “akaungua mkia.”

Bibi aliacha kumenya. “Kuku gani?”

Mama alikuwa mlangoni pa jiko. Alikuja hadi mbele yangu, mikono imejaa unga. “Nani kakwambia habari ya kuku?”

“Hakuna.”

“Mama, wewe ndiye uliyemwambia?”

“Mimi nimtoe wapi kuku? Siku ile nilikuwa Kapalamsenga. Nilifika hapa na asali siku ya tatu.”

Mama aliketi chini, pale pale kwenye maganda. “Tulikuwa watatu tu uani,” alisema. “Mimi, baba yake, na yeye. Yule kuku baba yake alimchinja siku ileile, kwa hasira.”

Mimi si mtu wa mizimu. Napenda jambo liwe na sababu, na hili nimelitafutia sababu. Labda mama aliwahi kumsimulia jirani nikasikia. Labda nilibuni kuku kwa vile uani hapakosi kuku, na weupe ni wengi. Ila najua nilichokiona nilipokuwa nikisema. Niliona mafuta mekundu yakizunguka, nikasikia harufu ya manyoya, na mkono wangu wa kulia ukawaka. Tangu siku hiyo, kila jirani akikaanga kitu kwa mawese, mkono huo ulianza kuwasha, nikajikuna hadi ngozi ikatoka weupe. Mama alikuwa akiniona na kugeuza uso.

Mwezi wa saba ulipokaribia kwisha mama alinituma ndani nikalete kigoda. Ilikuwa saa sita mchana, watu wamejificha jua. Nilipotoka, chungu kidogo cha mawese kilikuwa mafigani na bibi alikuwa amesimama kati ya mama na moto.

“Usimguse kushoto,” bibi alikuwa akisema. “Mwanangu, nisikilize. Ukimchoma kulia unamrudishia kitu chake. Kushoto siyo kwake. Utakuwa umemchoma huyu mwingine. Utawafanya wawe wawili.”

“Kulia hakuna atakayepauliza, mama.”

“Mimi napauliza!”

“Wewe hugongi muhuri.”

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu bibi hivyo. Bibi alichukua mtandio wake, akatoka. Baadaye niliambiwa alikwenda kukaa kwenye lile kaburi, mtu wa kwanza kukaa pale tangu siku ya mazishi.

Mama hakunishika kwa nguvu. Ningependa kusema alinishika, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Alinikalisha kigodani, akapiga magoti mbele yangu akaniuliza, “Unataka twende?” Nikasema nataka. “Wote wawili?” Nikasema wote wawili. Akachota mafuta kwa kijiko cha mti. “Lete mkono.”

Nikampa wa kulia. Sikufikiri, ulijipeleka wenyewe.

“Siyo huo,” alisema.

Nikampa wa kushoto. Alimwaga kijiko kimoja, kidogo tu, na nadhani yeye ndiye aliyepiga kelele. Mimi nakumbuka nikishangaa kwamba sikumbuki chochote. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na harufu ya manyoya. Palikuwa na maumivu mapya, ya kwangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Mpanda nililia nikimtaka mama yangu aliyekufa. Mama huyu alinikumbatia huku nalia hivyo. Sijui kama alielewa ni nani niliyekuwa namwita. Nafikiri alielewa.

Alinipaka asali kila siku kwa wiki sita. Bibi hakugusa kidonda kile hata mara moja, wala hakunisimulia tena mambo niliyoyafanya.

Dresa wa malale alikuja mwezi wa tisa akaweka meza yake kwenye kibanda karibu na stesheni. Alikuwa mzee mkimya, vidole vyake vimezoea shingo za watu. Alibonyeza shingo ya mama, akabonyeza yangu, akaandika hatuna uvimbe. Kisha akakunja mkono wa gauni langu. Kovu lilikuwa bado jekundu, linang'aa. Alilipitishia kidole taratibu.

“Uliungua lini, mjukuu wangu?”

“Nikiwa na miaka minne.”

Alinitazama, akamtazama mama. Mama alikuwa akitazama reli. Yule mzee alikuwa ameona majeraha mengi kuliko karani alivyoona bahasha, na alijua. Nikaona kalamu yake imesimama hewani.

“Hapa wananiuliza alama,” alisema hatimaye, kama anaongea na meza. “Hawajaniuliza umri wa alama.” Akaandika: kovu la moto, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Karani aliweka karatasi mbili pamoja, akasoma moja, akasoma nyingine, akagonga muhuri kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi safi.

Tuliondoka asubuhi kwa lori lililokuwa likirudi Ikola, ziwani, kufuata dagaa. Bibi alikataa kuja kutuaga barabarani. Lori lilizunguka nyuma ya Majengo ili kushika njia ya ziwani, na pale nikamwona. Alikuwa ameinama na jembe kwenye lile kaburi. Anafyeka. Upande mmoja ulikuwa tayari mweupe, safi, na chungu kimesimamishwa vizuri. Nilimshika mama begani nimwonyeshe, lakini mama alikuwa ameshaona, na alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Mashua ya injini ilitutoa Ikola na magunia ya dagaa, ikatuvusha. Mama alitapika njia nzima. Mimi nilikaa nimeukunja mkono wa gauni ili kila mwenye macho alione kovu langu, nikidhani mtu anaweza kutuuliza wakati wowote, hata majini. Karatasi ziliangaliwa gatini Albertville na hakuna aliyetuzuia.

Baba alikuwa akitusubiri kando ya magogo, amevaa ovaroli iliyofuliwa. Mama alipiga goti, akamwamkia. Baba alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Kisha akaniinamia, akaniita kwa jina la mtoto wake, akanishika mkono wa kulia. Hakunipa mkono kama unavyompa mtu mkono. Aliugeuza, akapitisha kidole gumba chini ya kiwiko.

Alirudia. Kisha akashika wa kushoto, akaliona kovu.

Nilimwona akitambua. Nimeshuhudia watu wengi wakipewa habari za msiba tangu hapo, na huwa wanatazama mdomo wa anayesema. Baba alitazama mkono wangu.

“Karatasi iliandikwa kushoto,” alisema mama haraka.

“Nilimwonyesha aliyeandika. Alikuwa amekaa mbele yangu, nikainua mkono huu.” Akainua mkono wake wa kulia, kuonyesha, akausahau hapo juu. “Lini?”

“Hajafa. Huyu hapa.”

“Nakuuliza lini.”

“Huyu hapa,” mama alisema tena.

Baba aliketi juu ya gogo akaficha uso. Watu wa bandari walipita wakitukwepa. Tulikuwa tumeivusha habari ya msiba sisi wenyewe, kwenye ngozi yangu, baada ya kukataa kuiweka kwenye karatasi. Nami nikawaza kwamba atatupakia kwenye mashua ileile, na kwamba kule Mpanda kaburi limeshafyekwa, kwa hiyo huko nako si kwangu tena. Sikuwa na mahali popote duniani.

“Yule kuku mweupe,” nikasema.

Baba alinyanyua kichwa.

“Ulimchinja. Ulinipa paja, nikakataa. Ukalila wewe huku unalia.”

Habari ya paja sikuwa nimeambiwa na mtu. Mama naye aligeuka kunitazama, kwa hiyo hakuijua. Sijui niliitoa wapi. Nilikuwa na miaka tisa na niliitaka sana ile nyumba, na mtoto anayetaka kitu huweza kusema lolote. Haya nimejiambia mara nyingi. Baba hakusema kama ni kweli au si kweli, si siku ile wala hadi alipokufa.

Alichofanya ni kuurudia mkono wangu wa kulia, usio na alama yoyote. Aliupapasa taratibu pale chini ya kiwiko, na pakaniuma, nikauvuta.

“Panauma,” nikamwambia.

Aliuachia upesi. Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akaniita tena kwa jina lile, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita ndani ya nyumba asiyojua kama ina watu.

“Abee,” nikaitika.

Akainuka, akabeba sanduku letu, tukamfuata.